Ndani ya ngome au nje: ungetiwa jeshini kwa nguvu enzi zile, ungekaa wapi usife kwa kuhara?

Juzi Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu Fort Jesus hapa Mombasa, ana miaka tisa na hachoki kuuliza. Mizinga aliipita tu, vyombo vya makumbusho hakuvitaka, lakini tulipopanda juu ukutani ile sehemu unaiona bahari yote akashika ukingo, akachungulia chini, alafu akaniuliza, "Mjomba, sasa hawa askari walikuwa wanaenda choo wapi?" Nikacheka. Alafu nikanyamaza, manake swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika, na ukilifuata mpaka mwisho linakueleza mengi kuhusu vile ngome hii ilivyoanguka kuliko mizinga yote iliyopangwa pale.

Jioni nikalipeleka barazani nikalitia chumvi kidogo. Tuseme umerudishwa nyuma miaka mia tatu, mia nne hivi, kati ya 1500 na 1800, umeshikwa umetiwa jeshini, huna cheo, huna pesa ya kuhonga mtu, wewe ni askari wa kawaida wa kubeba bunduki na kuchimba mitaro. Kuna ngome imezingirwa. Unaambiwa chagua, ukae ndani na wanaozingirwa au nje na wanaozingira? Baraza ikagawanyika papo hapo. Wengi walitaka nje, wakisema nje kuna hewa na ukichoka unatoroka. Mzee mmoja fundi cherehani akasema yeye ndani, ndani kuna paa. Basi nimekaa na hili swali wiki nzima, nimesoma nilichopata, na hapa naziweka pande zote mbili ili kila mtu achague akijua anaingia wapi.

Kwanza toa upanga kichwani. Karne zile, katika vita vingi, maradhi yaliua askari wengi kuliko adui, na hilo halina ubishi. Wauaji wenyewe ni kuhara damu, homa ya chawa, tauni, ndui, na ukipelekwa baharini kiseyeye. Homa ya chawa msiichanganye na taifodi, majina yanakaribiana kwa wazungu, typhus na typhoid, lakini taifodi unaila na kuinywa, na ile nyengine unaletewa na chawa wa nguo. Na hakuna aliyejua habari ya vijidudu. Madaktari waliamini ugonjwa ni hewa mbovu, ni ule uvundo wenyewe unaokuingia puani, sasa ajabu ni kwamba imani hiyo ilikuwa na makosa lakini anayeifuata kwa dhati alijikuta anazika kinyesi na kuhamisha kambi, anapona bila kujua amepona kwa nini.

Choo

Tuanze na swali la mpwa wangu.

Nje. Chukua Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1632, katikati ya vita vile vya miaka thelathini. Mfalme wa Sweden, Gustavus Adolphus, amejichimbia pale mjini, na jenerali Wallenstein amempigia kambi kubwa upande wa Zirndorf kumkatia chakula. Kambi ya Wallenstein peke yake inakadiriwa ilikuwa na askari zaidi ya elfu hamsini, na wafuasi karibu idadi hiyo hiyo, yaani wake, watoto, wapishi, wauza pombe, watumishi, na farasi makumi ya elfu. Sasa piga hesabu ya dukani tu. Watu laki moja, kila mmoja hata gramu mia kwa siku, ni tani kumi za kinyesi kila siku inayokuja na Mungu, na hapo sijagusa farasi, ambaye mmoja tu anamwaga zaidi ya kilo kumi. Walikaa hapo kuanzia Julai mpaka Septemba, joto la kiangazi, nzi na panya hawana idadi. Kuhara, homa ya chawa, njaa. Gustavus alijaribu kuivamia kambi mwanzoni mwa Septemba pale Alte Veste akashindwa, wiki mbili baadaye akaondoka zake, na Wallenstein naye hakukawia akaondoka. Hakuna aliyeshinda. Walifukuzwa wote na mavi yao, samahani kwa lugha lakini hakuna namna nyengine ya kulisema.

Ndani. Mji una vyoo tayari, hiyo ni pointi ya fundi cherehani, ila vyoo vilijengewa watu wa mji na sasa mmeongezeka maelfu, wakulima wa vijijini wamekimbilia ndani na ng'ombe wao, milango imefungwa na takataka hazitoki. Vienna mwaka 1683 ilizingirwa na Waturuki miezi miwili, Julai mpaka tarehe 12 Septemba. Kuhara damu kukaingia. Meya wa mji, Liebenberg, alikufa kwa huko kuhara zikiwa zimebaki siku mbili tu msaada ufike. Kamanda wa ulinzi, Starhemberg, naye alipigwa na kuhara, akawa anaongoza vita hivyo hivyo na tumbo lake. Kama meya na kamanda wenye vyumba na watumishi wanafikwa na hayo, wewe unayelala kwenye majani ukutani uko wapi?

Lakini kuna ndani na kuna ndani. Metz, 1552. Mji uko mikononi mwa Wafaransa, anaulinda Mtawala wa Guise, na aliyekuja kuuzingira ni Kaisari Charles V mwenyewe na jeshi la makumi ya elfu, mwezi Oktoba, majira ya baridi yanaingia. Guise hakungoja yaharibike. Alitia watu wa kusafisha njia, akapunguza watu wasio na kazi mjini, wagonjwa akawatengea mahali pao. Tutarudi Metz kwenye chawa, manake kule ndo penyewe.

Na kuna nje na kuna nje. Mwaka 1559 balozi mmoja wa Austria kwa Waturuki, Busbecq, aliishi miezi mitatu hivi kwenye kambi ya Sultan Suleiman pale Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, na kilichomshangaza kuliko silaha ni usafi. Hakuona jaa wala mabaki yametupwa, kila kinachochukiza jicho au pua kilifukiwa au kupelekwa mbali, mtu akitaka kujisaidia anachimba shimo na kufukia, na ulevi haupo, ugomvi haupo, kimya. Akawafikiria askari wa kwao akaona aibu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo lilitoka wapi, kwenye kambi watu wanatawadha mara tano kwa siku maji ni jambo la kwanza linalotafutwa na tohara si amri ya afande, ni sharti la sala. Lakini tusijisifu sana, tauni iliwapiga Waturuki kama ilivyowapiga wengine, na pale Vienna 1683 maradhi hayakubagua aliye ndani na aliye nje.

Kwa hivyo kwenye choo mimi nampa pointi anayehama, si aliye ndani wala aliye nje. Ila kama kambi ni ile ya 1559, chukua nje bila kufikiria.

Maji

Hapa nje kuna kisa ambacho nikikikumbuka nacheka mpaka leo ingawa si cha kuchekwa. Naples, 1528. Wafaransa chini ya Marshal Lautrec wameuzingira mji, na Lautrec akaona ujanja mzuri ni kuwakatia maji, akaubomoa mfereji uliokuwa ukipeleka maji mjini. Sawa, mji ukakosa yale maji. Lakini maji hayapotei, yakamwagika kwenye mabonde, yaani pale pale lilipopiga kambi jeshi lake, pakawa kinamasi, kiangazi cha Italia kikaja juu yake na mbu na uvundo, na jeshi likaanza kufa. Lautrec mwenyewe alikufa Agosti mwaka huo huo. Katika jeshi lililofika likiwa karibu elfu thelathini walibaki elfu chache wenye nguvu ya kusimama, na Ufaransa ikaipoteza Naples.

Wazee wetu walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe, sijui kama kuna mfano wa waziwazi kuliko huu.

Ndani maji ni hesabu nyengine. Nirudi hapa kwetu. Fort Jesus waliijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ramani ya Mtaliano Cairati, na ukiitembelea utaonyeshwa kisima kirefu kweli kweli ambacho maji yake yana chumvi, ya kuogea na kufulia tu, na birika la kukusanya maji ya mvua. Sasa birika ukiwa na askari hamsini ni raha. Ukiwa na watu zaidi ya elfu, wanawake na watoto, jua la kaskazi limekaa juu ya jiwe la matumbawe, kila mtu anachota kwa chombo chake na mkono wake, mmoja tu mwenye kuhara akishachovya kata yake mmekwisha. Nje una mto, kama hamjauchafua. Ndani una birika, na birika halina pa kwenda.

Pointi: nje, ila kama kamanda wako ana mawazo mazuri kuhusu mifereji, toroka.

Chawa na pa kulala

Hii ndo sehemu watu huipita haraka na mimi naona ndo yenyewe.

Askari wa enzi zile alikuwa na nguo moja. Si jozi mbili, moja, na aliivaa mpaka ikachanika au akavua ya maiti. Chawa wa nguo haishi mwilini, anaishi kwenye mshono, ule mpindo wa ndani wa shati chini ya kwapa na kiunoni, hapo anataga mayai, akiwa na njaa anatoka anakunyonya anarudi. Anapenda joto la mtu mzima wa afya. Ukipata homa kali anaona moto umezidi anahama kwa jirani, ukifa ukapoa anahama vile vile. Na ugonjwa wenyewe haumo kwenye kuuma, umo kwenye kinyesi chake, wewe unajikuna usiku unakisugua kwenye ngozi iliyochubuka. Sasa fikiria watu ishirini kwenye kibanda kimoja wamekumbatiana kwa baridi, mmoja ana homa. Ni kama umemgawia kila mtu mkono kwa mkono.

Metz nje ilikuwa hivyo. Mvua, matope, theluji, mahema na vibanda vya matawi, chakula haba, na jeshi la Kaisari likaoza pale pale kwa homa na kuhara. Daktari wa upasuaji Ambroise Paré alikuwemo ndani ya mji, mfalme wa Ufaransa alimpenyeza usiku kwa kumhonga ofisa mmoja wa upande wa pili, na yeye ndiye aliyetuachia maelezo ya yaliyoonekana Kaisari alipokata tamaa na kuondoka mwanzoni mwa Januari 1553. Wagonjwa walioachwa kambini, maelfu, wengine hawawezi hata kunyanyuka, miguu imeganda. Guise akatuma watu na mikokoteni wakawape chakula na kuwatibu adui zake, wanaoweza kutembea wakarudishwa kwao. Nadra sana kusikia hivyo karne ile.

Kwa nini ndani walinusurika zaidi? Paa. Fundi cherehani alikuwa sawa. Walikuwa na kuta, moto, nguo kavu, na kamanda aliyewatenga wagonjwa na wazima.

Lakini usikimbilie kila paa. Paa la hospitali ya jeshi lilikuwa kaburi. Mwaka 1743 baada ya vita vya Dettingen, Juni 27, askari wa Uingereza walilala usiku kwenye nyasi zilizoloa, mvua, hawana mahema, na daktari wao John Pringle aliandika kwamba ndani ya siku nane watu kama 500 walikuwa wanahara damu, na kwa wiki chache karibu nusu ya jeshi walikuwa wameshaumwa au bado wanaumwa. Hao wagonjwa wakarundikwa kwenye hospitali ya kijiji kimoja, zaidi ya elfu moja, na pale ndani homa ya chawa ikawangojea. Mtu alikuwa anaingia na kuhara anatolewa na homa, wengi hawakutoka kabisa, na wanakijiji nao wakaambukizwa. Pringle ndiye aliyetambua kwamba homa ya hospitali na homa ya magereza ni kitu kimoja, na ushauri wake ulikuwa wa maana: tawanya wagonjwa, fungua madirisha, badilisha majani ya kulalia, choo kichimbwe kwenda chini na kila siku kitiwe mchanga, anayejisaidia kwengine aadhibiwe, na uvundo ukizidi hama.

Pointi ya baridi: ndani. Kiangazi: nje, na usiingie hospitali kwa miguu yako mwenyewe.

Wageni

Hapa ndo niliposimama muda mrefu, manake hili ndilo lililoniamulia mimi.

Watu wanaogopa kuzingirwa kwa sababu ya wasioweza kutoka. Mimi nilivyosoma naona hatari kubwa zaidi ni anayeingia.

Machi 1696 meli za Imam wa Oman, Saif bin Sultan, zilifika Mombasa na ngome ikazingirwa. Ndani Wareno hawakufika mia, waliobaki, zaidi ya elfu moja, walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao, pamoja na watu wa Faza, kisiwani Pate, na wanawake na watoto. Walishikilia miezi tisa. Kamanda João Rodrigues Leão akafa Oktoba. Mwezi Desemba ukaja msaada kutoka Goa, koloni la Wareno kule India, meli, askari wapya, chakula, ungedhani wameokoka. Ndo kwanza mambo yakaharibika. Maradhi yakalipuka, tauni wanaiita waandishi, na wale askari wapya waliotoka kusongamana melini miezi wakaingizwa kusongamana ngomeni wakaanguka kama nzi. Kabla ya Septemba 1697 Wareno walikuwa wamekwisha wote, kuanzia kamanda mpya Mogo de Mello kwenda chini. Ngome ya mfalme wa Ureno ikawa inashikiliwa na Mswahili, Bwana Daud wa Faza, na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake hamsini. Soma tena hiyo hesabu. Wanawake hamsini. Kila ninapopita pale mlangoni nawafikiria hao, na jina hata la mmoja wao mimi sijakutana nalo, wakati makapteni waliokufa kitandani wameandikwa mpaka tarehe.

Septemba 1697 ukaja msaada mwengine, Wareno na Wahindi wa Goa. Na meli yake moja, Santo António de Tanna, ikazama hapo hapo chini ya ngome, ipo mpaka leo, wapiga mbizi waliichimbua miaka ya sabini. Wakaingia tena watu wapya kwenye kuta zile zile, birika lile lile. Tarehe 13 Desemba 1698, miaka miwili na miezi tisa tangu ianze, Waomani walipoikwea ngome waliwakuta kamanda, watu tisa na padri mmoja. Msaada wa mwisho ulifika siku saba baadaye ukakuta bendera nyengine.

Yaani kila meli ya kuokoa ilikuwa inaleta kuni kwenye moto.

Nje wageni ni vile vile, muangalie Quebec, Kanada, wakati Wamarekani wanapigana na Waingereza. Majira ya baridi ya 1775 kuingia 1776 Wamarekani waliuzingira mji huo, jeshi la vijana wa mashambani ambao wengi hawajawahi kuuona ugonjwa wa ndui, kila wiki wanakuja wengine wapya. Waingereza waliokuwa ndani wengi walishaugua ndui utotoni au walishachanjwa. Ndui ikawapiga walio nje, na walipokuwa wanarudi nyuma jenerali wao John Thomas akafa nayo Juni 1776.

George Washington alielewa somo kwa sababu yeye mwenyewe aliugua ndui Barbados mwaka 1751, makovu anayo usoni. Februari 1777 akaamuru jeshi zima lichanjwe. Si chanjo ya siku hizi, hii ni kumkata mtu kidogo mkononi ukamtia usaha wa ndui halisi, anaugua kidogo anapona, wachache wanakufa. Na huo ujuzi, mimi hupenda kuwakumbusha wanaodhani kila kitu kilianza Ulaya, ulikuwa wa Waturuki na Waafrika. Mke wa balozi wa Uingereza, Mary Wortley Montagu, alimchanja mwanawe Istanbul 1718 baada ya kuona wamama wa kule wanavyofanya. Na Boston, kabla ndui haijalipuka 1721, aliyewaeleza wazungu ni mtumwa kutoka Afrika Magharibi, Onesimus, aliyesema kwao walimchanja zamani na ndui haimpati. Wengi waliidharau habari hiyo. Jeshi la Washington likanusurika ndui kwa elimu hiyo hiyo.

Pointi: haipo ndani wala nje. Ipo kwa aliyechanjwa, na kwa ngome ambayo haipokei watu wapya kila miezi mitatu.

Kuondoka

Walio nje wana kitu kimoja ambacho wa ndani hawana, wakiona pameoza wanaweza kusogea kilomita mbili. Kwenye karatasi hiyo ni faida kubwa. Kwa vitendo makamanda hawakutaka, manake wakiondoka wameshindwa, basi wanang'ang'ania pale pale mpaka jeshi limeisha, Lautrec, Charles, wote.

Na kukaa kunaua hata pasipo vita. Valley Forge, Marekani, Desemba 1777 mpaka Juni 1778, Washington na watu kama elfu kumi na mbili kambini, hakuna mapigano pale hata siku moja, na karibu elfu mbili walikufa, wengi wao si kwenye baridi bali hali ya hewa ilipoanza kupata joto, mizoga ya farasi inayeyuka, vyoo vinafurika, tope. Ndo akaja Mjerumani Steuben mwezi Februari, watu wanamkumbuka kwa gwaride, mimi namkumbuka kwa kitu kimoja: alipanga jiko upande huu wa kambi na choo upande ule mwengine, chini ya mteremko. Ukimweleza mama yeyote wa Kisauni atakwambia si ndo inavyotakiwa, kwani vipi? Lakini jeshi zima lilikuwa halijafanya.

Na meli je?

Kuna kijana barazani aliuliza mbona hatuweki meli kama chaguo la tatu. Usijaribu. Kapteni Anson alitoka Uingereza 1740 na watu karibu 1,900 kwenda kuzunguka dunia, aliporudi 1744 aliorudi nao katika wale wa mwanzo hawakufika 200, na waliouliwa na adui ni wanne. Wengi walikufa kwa kiseyeye, fizi zinaoza, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Daktari James Lind alijaribu 1747 na mabaharia kumi na wawili, wawili akawapa machungwa na malimau wakapona upesi, na serikali ya Uingereza ikakaa mpaka 1795 ndo ikaanza kugawa maji ya malimau melini. Na ukishuka salama unashukia wapi? Cartagena, Amerika ya Kusini, 1741, Waingereza walioshuka kuizingira homa ya manjano ikawazoa kwa maelfu, wakaondoka mikono mitupu.

Sasa chagua

Mimi nimefika hapa, kwa mpangilio wangu, ubishi karibu.

Kama ni baridi na kamanda wa ndani ni mtu wa aina ya Guise, anayefagia njia na kutenga wagonjwa, kaa ndani. Metz inatosha kuwa ushahidi. Kama ni kiangazi au ni nchi ya joto kama yetu, na ndani mmesongamana na mnategemea birika, nenda nje hata kama nje kuna mvua. Ukisikia shangwe ukutani kwamba meli za msaada zimeonekana, usishangilie, tafuta kona yako mbali na watakaoshuka. Kama ni nje, usiangalie mizinga ya kambi, angalia choo kiko upande gani wa jiko, na uulize wamekaa pale wiki ngapi. Wiki mbili, sawa. Miezi miwili, hapana. Kama wanachanja ndui, toa mkono wa kwanza. Na ukiwa na bahati ya kuchagua jeshi lolote lile, mimi naenda kwa Suleiman 1559, nichimbe kishimo changu, nifukie, nitawadhe, nisiwe na kelele na mtu.

Fundi cherehani bado anasema ndani. Anasema kila mtu amzungumzie Wallenstein, yeye hataki kulala kwenye tope na chawa umri huu, na kwamba wale wanawake hamsini wa Bwana Daud walikuwa ndani na walikuwa hai kuliko Wareno wote. Hapo akaninyamazisha kidogo.

Mpwa wangu nilimpigia simu nikampa jibu lake, kwamba vyoo vilikuwepo lakini watu walizidi. Akaniuliza, "Kwa hivyo walikuwa wanapanga laini?"

Nikamwambia ndiyo, walikuwa wanapanga laini, na mbele yako yuko mtu anahara.

"Mi singeingia," akasema, akanikatia simu.